Meza ikagongwa, nikakaa

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 20, mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nasoma uhasibu. Kwetu ni Nachingwea. Hosteli nilikosa, kwa hiyo nakaa Mbagala kwa shangazi yangu, mdogo wake baba. Shangazi ni mama lishe. Anauza chapati na supu asubuhi, wali na maharage mchana, karibu na kituo cha daladala. Ndiye anayenilisha na ndiye aliyenilipia vitu vingi wakati bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa bado halijatoka.

Anti, sekondari mimi nilikuwa moto kwenye dibeti. Shule yetu ni ya kata, na kila Ijumaa mchana tulikuwa tunatoa madawati nje, tunakaa chini ya mkorosho, tunapambana. Maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Mkulima ni bora kuliko daktari. Nikisimama mimi watu wanapiga madawati hata kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo nilipoona tangazo la klabu ya midahalo chuoni kwetu nikasema hapa ndipo nyumbani.

Siku ya mchujo tulikuwa kama watu 30. Tukapangwa wawili wawili, mimi nikawekwa na kaka mmoja aliyesoma inglishi midiamu tangu chekechea. Mada ikasomwa: "Bunge hili lingewaruhusu wamachinga kufanya biashara kandokando ya barabara kuu." Tukaangukia Upinzani. Dakika 15 za kujiandaa. Anti, mimi nakula kwa jasho la mtu anayeuza kandokando ya barabara! Nilikaa nimeshika kalamu, sioni cha kuandika, namwona shangazi na jiko lake. Mwenzangu anaandika kama anafukuzwa. Nikaona bora nijikumbushe utangulizi wangu wa siku zote, mengine yatakuja yenyewe.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama nikaanza, kwa Kiingereza: Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa majaji msio na upendeleo, mtunza muda makini, katibu mwaminifu, wasemaji wenzangu, ndugu zangu wa upande wa pili ambao leo wamepotea njia, wageni waalikwa, mabibi na mabwana... Mara mtunza muda akagonga meza. Ko! Kwetu meza ikigongwa muda umekwisha. Nikasema asanteni sana, nikakaa.

Kwanza kimya. Halafu ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilikuja kuelezwa na mwenzangu kwamba ile ilikuwa dakika ya kwanza tu, nilikuwa na nyingine sita. Sikuwa nimetoa hoja hata moja, Anti. Kapteni wao, kaka wa mwaka wa tatu, akasema, "Dada, hapa si mahafali." Wakacheka tena. Nilitoka nje na kurudi Mbagala nimeziba uso kwa mkoba.

Usiku huohuo kapteni akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mazoezi ni Jumatano na Ijumaa saa 10 jioni na wote tunakaribishwa. Sijui kama na mimi nimo kwenye hao wote.

Nataka kurudi na naogopa kurudi. Kiingereza changu ni cha kuvuta. Halafu kuna lile la kusema nisichoamini: si unafiki kweli, kusimama kuwapinga wamachinga halafu jioni nakwenda kula chapati ya mmachinga? Shangazi naye nilimgusia kidogo akasema, "Wewe umekuja kusoma uhasibu. Kubishana wapo hapa kijiweni wanabishana bure tangu asubuhi." Jumamosi ndiyo siku ninayomsaidia, na nasikia mashindano huwa Jumamosi. Na binamu yangu anasema mhasibu kazi yake ni namba, mdomo wa nini.

Nishauri, Anti.

Niliyekaa Mapema, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari ile ya mkoba usoni.

Nisikufiche, nilipofika pale meza ilipogongwa nilicheka peke yangu mpaka nikaulizwa kulikoni. Nilimkumbuka kijana mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimekaa kiti cha jaji kwenye mashindano ya vyuo. Kiingereza kilikuwa kinamtoka kama bomba la siku yenye maji. Alizungumza dakika saba kamili bila kukwama, watu wanagonga meza kwa raha. Tatizo lilikuwa dogo tu: alipangwa Serikali, na hotuba nzima aliitetea Upinzani. Mwenzake alikuwa amejiinamia, anatafuta shimo. Timu yao tuliiweka ya nne, yaani ya mwisho. Wewe angalau ulikaa kabla hujawapa wapinzani chochote.

Tuanze na hiyo meza, maana ndiyo iliyokutoa mbio. Mtindo uliokutana nao wenyewe wanauita BP, yaani mtindo wa Bunge la Uingereza, na ndio unaotumika hata kwenye mashindano ya dunia ya vyuo vikuu, yale yaliyoanzia Glasgow mwaka 1981 na ambayo yameshawahi kuja Afrika, Stellenbosch 2003, Botswana 2011 na Cape Town 2019. Chumbani mnakuwa timu nne za watu wawili wawili, mbili Serikali na mbili Upinzani. Kila msemaji ana dakika saba. Dakika ya kwanza ikiisha meza inagongwa mara moja, na maana yake ni kwamba sasa mlango uko wazi: wa upande wa pili anaweza kusimama kukupa taarifa, kama unavyowasikia wabunge wetu Dodoma wakisema "Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Dakika ya sita inagongwa tena, mlango unafungwa. Ya saba inagongwa mara mbili, hapo ndipo unamalizia. Ukipitiliza kwa sekunde kama 15 majaji wanaweka kalamu chini. Na taarifa si lazima uipokee kila inapoombwa. Unapokea moja au mbili, wengine unawapungia mkono wakae, bila ugomvi.

Haya yote ulipaswa kuambiwa kabla hujasimama. Kuendesha mchujo wa watu wa mwaka wa kwanza bila kueleza maana ya kugonga meza ni uzembe, na uzembe huo si wako.

La kwako ni lile la dakika nzima kwisha kwa salamu.

Ninaijua dibeti ya chini ya mkorosho, nimeisimamia mwenyewe nilipokuwa nafundisha sekondari. Ni nzuri sana. Inamtoa mtoto woga, inamfundisha kusimama wima na kutoa sauti. Ila mada inatolewa wiki nzima kabla, mtu anaandikiwa na kaka yake hotuba, anaikariri, na anayeshangiliwa ni yule mwenye mbwembwe nyingi za kufungulia. Anayejibu alichosema mwenzake hapati makofi, kwa sababu kila mtu kaja na karatasi yake na anaisoma mpaka mwisho, hata kama aliyetangulia ameshaibomoa. Ndiyo maana umefika chuoni ukidhani kazi ni kufungua vizuri. Kwenye BP hakuna anayekupa alama kwa kumwita mtunza muda makini. Viongozi wetu wenyewe siku hizi wakiona orodha ya wageni ni ndefu husema "itifaki imezingatiwa" wakaingia kwenye mada. Na wewe sema vivyo hivyo moyoni, kisha sentensi yako ya kwanza iwe ya kumjibu aliyekaa sasa hivi.

Lakini si hilo lililoniuma niliposoma barua yako. Kilichoniuma ni kwamba mle ndani mlikuwa kama 30, mada ni wamachinga, na sidhani kama kulikuwa na mwingine aliyelala chini ya paa linalolipiwa na chapati za barabarani. Wewe ndiye uliyekuwa na mada nyumbani. Ukaiacha nyumbani, ukaenda kuchukua salamu.

Hebu tuketi kwa zile dakika 15, mimi na wewe, tuko Upinzani. Usianze kuwaza kwamba unatakiwa uwaseme vibaya wamachinga, kwamba ni wachafu, wanaziba njia. Hiyo ndiyo hotuba ambayo Serikali wanaisubiri, wameshaandaa jibu. Jiulize kwanza kwa nini shangazi yako yuko pale alipo. Yuko pale kwa sababu ya kituo cha daladala. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu, na mamilioni hayo yanashuka na kupanda vituoni kila siku na njaa zao. Kinachomlisha shangazi ni miguu ya abiria. Lami haimlishi. Sasa mgeukie wa Serikali, umwambie: ninyi mnataka kumpa mmachinga ukingo wa barabara, wakati anachohitaji ni wateja, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Sisi tungempa eneo lililojengwa hatua chache kutoka kituoni, lenye maji na choo.

Halafu endelea kuuliza kwa nini. Kwa nini ukingo wa barabara si zawadi? Kwa sababu hana maji ya kuoshea vyombo, anayabeba kwa ndoo. Kwa nini ndoo ni tatizo? Kwa sababu nusu ya asubuhi yake, au asubuhi ya binti wa kaka yake, inaishia kwenye ndoo. Kwa nini hakopesheki? Kwa sababu hana anwani, benki itamfuata wapi. Mwaka 2018 vilipotoka vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, watu walivinunua kwa furaha, wakajua wamepata pa kukaa. Mwaka 2021 wamachinga wa jiji hili wakahamishwa kutoka barabarani, na mwenye kitambulisho akahama pamoja na asiye nacho. Ruhusa ya kukaa ukingoni ni ruhusa ya kuhamishwa kesho. Hiyo ni hoja, mwanangu. Ina sababu, ina mfano, na inamjibu mtu.

Umeona ulivyompinga shangazi? Nani kati ya wale wasemaji angemtetea kuliko hivyo?

Sitaki nikudanganye kwamba kila mara itakuwa laini namna hii. Ipo siku utapangiwa upande ambao kweli huuamini, na itabidi uutafutie sababu zake bora. Upande hauchagui wewe, unapangwa kwa bahati nasibu, na kila aliyeko chumbani analijua hilo, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Mnafiki anataka watu waamini kwamba anaamini. Hapa wote mnajua ni mazoezi. Faida yake inakuja baadaye: ukishamtafutia mpinzani wako sababu zake bora, huwezi tena kumdharau kirahisi. Mimi nilikuwa msichana mwaka 1991, Tume ya Nyalali ilipozunguka nchi nzima kuuliza watu wanataka chama kimoja au vingi. Asilimia 80 walisema kimoja. Asilimia 20 wakasema vingi. Tume ikawasikiliza wote, ikapima sababu, ikapendekeza vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Nyumbani kwetu baba alikasirika siku tatu. Alikuwa kwenye ile 80. Lakini mpaka anafariki alikuwa anaweza kukueleza sababu za wale 20 kuliko wao wenyewe, na ndiyo maana ubishi wake ulikuwa mtamu kuusikiliza.

Twende kwenye Kiingereza. Kuna watakaokuambia lugha haina uzito. Ina uzito. Miezi ya mwanzo wale waliosoma inglishi midiamu watakupita kwa kasi, utakuwa bado unatafuta neno wakati mwenzako ameshafika hoja ya tatu. Inachosha, na inaweza kukuchukua mpaka muhula wa pili. Ila fahamu kwamba jaji anayejua kazi yake hakati alama kwa lafudhi wala kwa sarufi iliyoteleza, anapima kama alielewa na kama hoja imesimama. Kwenye mashindano ya dunia kuna hata madaraja ya pekee, na fainali zake, kwa timu za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Wewe unajifunza darasani kwa lugha hiyo tangu kidato cha kwanza tu, kama watoto karibu wote waliopita shule za msingi za serikali. Si aibu, ni ratiba.

Ushauri wangu wa hapa ni wa kienyeji kidogo. Zile dakika 15, fikiri kwa Kiswahili. Andika hoja zako kwenye karatasi kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo ungemwambia shangazi. Ukisimama, ziseme kwa Kiingereza cha sentensi fupi. Nimeona wengi wanaharibu kwa kufanya kinyume: wanatafuta kwanza neno zito la Kiingereza, halafu wanaangalia kama lina hoja ndani yake. Na huyo kaka uliyepangwa naye, kama mtapangwa tena, gawaneni kazi. Yeye akutafutie neno, wewe umtafutie sababu. Ninavyokusoma, na yeye ana shida yake: kuandika kama mtu anayefukuzwa si dalili ya kuwa na hoja.

Nyumbani washa kinasa sauti cha simu, chukua habari yoyote ya gazetini, izungumzie dakika saba bila kusimama. Sikiliza. Utajichukia siku ya kwanza. Siku ya kumi utaanza kuona pale unapojirudia.

Sasa shangazi. Hapa nakuomba usikasirike, maana nusu ya moyo wangu iko kwake. Mama anayeamka saa 10 alfajiri kukanda unga ana haki ya kuuliza hiyo klabu inaleta nini mezani. Usimjibu kwa neno "haki yangu", na usimpelekee maneno ya mazoezi ya ubongo na kujiamini. Mpelekee ratiba. Anza na siku moja ya mazoezi, hiyo Ijumaa, na Jumatano rudi nyumbani mapema. Mazoezi yakiisha saa 12 jioni, foleni unaijua, Mbagala unaingia saa 2 usiku au zaidi. Mwambie hivyo hivyo, umwambie na unapanda daladala gani, ili asianze kuhesabu nyota. Jumamosi za mashindano si nyingi kama unavyofikiri. Mwombe kapteni tarehe zote za muhula, ziandike kwenye karatasi, zibandike pale anapoweka unga. Jumamosi hizo amka naye alfajiri, kanda, katakata vitunguu, osha masufuria, kisha ndipo uoge na kuondoka. Na Jumapili yake iwe ya shangazi mzima mzima.

Wiki za majaribio na za mitihani usionekane mazoezini kabisa. Ukileta sapu, yaani mtihani wa kurudia, muhula wa kwanza, hata uwe na hoja za kuhamisha mlima, shangazi hatasikiliza hata moja, na mimi nitakuwa upande wake.

Kuhusu hela, uliza mapema. Mashindano mengine yana ada ya kujiandikisha, na kama ni nje ya Dar kuna nauli na malazi. Kuna klabu zinazosaidiwa na chuo na nyingine wanachama wanachangishana. Usije ukagusa bumu la chakula kwa ajili ya safari, na usikope. Na ukisafiri, shangazi awe na namba ya simu ya mlezi wa klabu, yaani mhadhiri mwenyewe. Namba ya kapteni peke yake haitoshi.

Nikifika kwa kapteni: aliyosema yalikuwa ya kijinga, na aliyasema mbele za watu. Ukimkuta peke yake mwambie kwa utulivu kwamba hukuelezwa maana ya kugonga meza, na kwamba wengine wa mwaka wa kwanza nao wangependa kuelezwa. Uone atafanya nini. Nina hisia ataona aibu, kwa sababu ndiye yeye aliyetuma ujumbe usiku uleule kwamba wote mnakaribishwa, na watu wa klabu hizi wengi wao nao walichekwa siku yao ya kwanza, wakasahau. Ila kicheko kikigeuka kuwa mchezo wa kuiga lafudhi yako kila wiki, usivumilie. Mashindano makubwa huwa na watu maalumu wa kupokea malalamiko ya kudharauliwa na kunyanyaswa, na kwenye klabu mlezi yupo kwa kazi hiyo. Na wewe umo kwenye hao "wote". Kuwa mwanaklabu ni jambo moja na kuchaguliwa kwenye timu ya safari ni jingine. La pili ndilo lenye mchujo.

Binamu mwambie kwamba mkaguzi wa hesabu anaweza kuliona shimo kwenye vitabu saa 3 asubuhi, na saa 5 akashindwa kulieleza mbele ya bodi ya wazee kumi waliokunja nyuso. Hapo namba hazimsaidii. Yatosha kwa binamu.

Ijumaa nenda. Usiombe kuzungumza. Omba kuwa mtunza muda. Hakuna anayeipenda kazi hiyo, watakupa kwa mikono miwili. Kaa mbele na simu yako, gonga dakika ya kwanza, gonga ya sita, gonga mara mbili ya saba. Utawasikia wasemaji wote wanane kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na baada ya wiki mbili utaanza kujua kabla ya majaji nani kashika nafasi ya kwanza na kupata pointi 3, na nani ya nne ameambulia sifuri. Hapo omba kukaa pembeni ya majaji. Mashindano mengi huzitaka timu zije na majaji wao, mara nyingi pungufu kwa mmoja tu ya idadi ya timu, na kapteni wengi wanahangaika kuwapata. Anayejua kuhukumu anapata safari mapema kuliko msemaji wa wastani, na hili sijui kwa nini watu hawalisemi. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Ukianza kuwashwa na ulimi, ukiwa umekaa pale unasema moyoni "mbona hajamjibu yule!", basi inua mkono wakupange.

Na kuna kazi moja ya kabla ya Ijumaa. Bila shaka pale kituoni pana mama lishe mwingine ambaye amewahi kuja kuweka jiko lake mbele ya jiko la shangazi yako. Hawakosekani. Kesho mkiwa mnamenya vitunguu muulize shangazi, kwa upole, kwani kosa la yule mama lilikuwa nini, si naye anatafuta riziki barabarani kama wengine? Kisha nyamaza, mwache aseme, usimkatize. Utapata hotuba nzima ya Upinzani, na sababu zake na mifano yake, kutoka kwa mmachinga mwenyewe. Andika unachoweza. Na uangalie saa, maana nina hamu ya kujua kama atamaliza ndani ya dakika saba.

Anti